Programu kama Andiko: Mafunzo ya Donald Knuth kwa Mwanafunzi wa Lugha

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa kitivo cha lugha anakutana na kompyuta kila siku, lakini kwa kawaida anaitumia kama mashine ya kuchapia: anaandika kazi yake, anaisahihisha, anaitoa kwenye karatasi. Kuandika programu zenyewe anawaachia wenzake wa hesabu na wa uhandisi. Wao nao mara nyingi hudhani kwamba masomo ya lugha hayana la kuwapa. Makala haya yanapinga mawazo yote mawili. Yanaonyesha kwamba kazi ya kuandika programu, kama inavyoelezwa na mmoja wa mabingwa wake wakongwe, ni kazi ya uandishi kwa maana kamili ya neno hilo. Yanaonyesha pia kwamba mtu asiyejua lugha anayoihudumia anaweza kuandika programu isiyo na hitilafu hata moja kwa upande wa mashine, na bado ikatoa majibu ya uongo.

Bingwa tutakayemfuata ni Donald Knuth wa Marekani. Tutajiuliza maswali matatu. Programu inaandikiwa nani? Mpango mzuri wa programu unatoka wapi? Na mafunzo hayo yanakuwaje yanapokutana na Kiswahili, lugha yenye ngeli, upatanisho na vitenzi vinavyobeba sentensi nzima?

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya istilahi chache. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta inayatekeleza. Msimbo ni matini yenyewe ya maagizo hayo, kama mwandishi alivyoyaandika katika lugha ya programu. Hitilafu ni kosa ndani ya msimbo linaloifanya programu itende jambo lisilokusudiwa. Msomaji asiyewahi kuandika programu hatakwama: mifano yote imeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida.

2. Knuth ni nani?

Donald Knuth alizaliwa mwaka 1938 mjini Milwaukee, Marekani. Alisomea hesabu, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Kitabu chake kikubwa, The Art of Computer Programming, alianza kukiandika mwaka 1962. Juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1968, na kazi hiyo anaendelea nayo hadi uzeeni. Mwaka 1974 alipewa tuzo ya Turing, ambayo katika elimu ya kompyuta ina heshima kubwa kuliko zote. Katika hotuba aliyoitoa alipopokea tuzo hiyo, alitetea neno «sanaa» lililomo katika jina la kitabu chake. Kwake, programu inaweza kuwa sahihi na bado ikawa mbaya, kama vile sentensi inavyoweza kufuata sarufi na bado ikamchosha msomaji.

Kilichomsogeza karibu zaidi na watu wa lugha ni uchapishaji. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu la pili la kitabu chake. Mitambo ya zamani ya herufi za risasi ilikuwa imeachwa, na mitambo mipya ilitoa kurasa ambazo alizihesabu kuwa mbovu, hasa kwenye fomula za hesabu. Akaamua kutengeneza mwenyewe programu ya kupanga kurasa. Aliiita TeX. Jina hilo limeandikwa kwa herufi za Kigiriki, tau, epsilon na khi, nalo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ufundi na sanaa kwa pamoja. Ndiyo maana herufi ya mwisho haitamkwi kama «ksi», bali kama «kh» ya neno «kheri» kwa matamshi ya zamani.

Alitumaini kuimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi. Mengi ya mafunzo tutakayoyaona yalizaliwa katika miaka hiyo.

3. Programu inaandikiwa nani?

Jibu la haraka ni kwamba programu inaandikiwa mashine. Knuth anajibu tofauti. Mwaka 1984 alichapisha makala juu ya namna ya kuandika programu kama fasihi. Hoja yake ni kwamba tusijione kuwa tunaiambia kompyuta la kufanya, bali tunawaeleza binadamu tunalotaka kompyuta ifanye. Mashine itapata sehemu yake, lakini msomaji wa kwanza ni mtu: mwenzako wa kazi, mrithi wako, au wewe mwenyewe baada ya miaka mitatu.

Hakuishia kwenye ushauri. Alitengeneza chombo kiitwacho WEB, yaani utando. Mwandishi anaandika hati moja tu, yenye maelezo na vipande vya msimbo vikifuatana kwa mpangilio unaomfaa msomaji. Kisha programu mbili zinaipitia hati hiyo. Ya kwanza, TANGLE, inavitoa vipande vya msimbo na kuvipanga upya jinsi mashine inavyotaka. Matokeo yake yametatizika kama uzi uliovurugika, lakini mashine haijali. Ya pili, WEAVE, inafuma hati nzuri ya kusomwa, yenye sura, faharasa na marejeo ya ndani. Knuth aliitumia njia hiyo kuandika TeX yenyewe, na mwaka 1986 msimbo wote wa TeX ukatolewa kama kitabu. Hebu tulitafakari jambo hilo: programu nzima, mstari kwa mstari, imewekwa sokoni ili isomwe.

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Mtu ameandika programu ya kukokotoa matokeo ya wanafunzi kwa alama 20:

x = (a + 2 * b) / 3
kama x < 10 basi y = 0

Mashine inaridhika. Msomaji haridhiki: a ni nini? Kwa nini b imezidishwa mara mbili? Sifuri ina maana gani? Mwandishi mwingine anaandika hivi:

Mtihani unahesabiwa mara mbili kuliko mazoezi, kwa sababu baraza la kitivo limeamua hivyo. Kama uamuzi ukibadilika, badilisha mstari huu tu.
wastani = (alama_za_mazoezi + 2 * alama_za_mtihani) / 3
kama wastani < alama_ya_kufaulu basi matokeo = «amekosa»

Kwa mashine, programu hizi mbili zinafanya hesabu ile ile. Kwa binadamu, ya pili imemjibu kabla hajauliza. Tuangalie hasa kile ambacho maelezo yanasema na kile ambacho hayasemi. Hayasemi kwamba alama za mtihani zinazidishwa kwa mbili, maana hilo linaonekana kwenye mstari wenyewe. Yanasema sababu, kwa kuwa sababu haionekani popote. Mwandishi anayerudia kwa maneno yale yale yaliyomo katika msimbo anamchosha msomaji, kama mhariri anayeweka tanbihi chini ya ukurasa kueleza kwamba «mto» ni maji yanayotiririka.

Majina nayo yana uzito wake. Katika programu ya kwanza, x na y ni kama viwakilishi visivyo na kitangulizi: «yeye alimwambia yeye kwamba yeye hayupo». Katika ya pili kila kitu kina jina linalotamkika, na mstari unaweza kusomwa kwa sauti.

Mkongwe mwingine, Edsger Dijkstra wa Uholanzi, aliyepata tuzo ya Turing mwaka 1972, alilisema jambo hili kwa ukali zaidi. Katika waraka wake wa mwaka 1975 alieleza kwamba, mbali na kipaji cha hesabu, mali kubwa ya mwandishi wa programu ni umahiri wa hali ya juu katika lugha yake ya mama. Maneno hayo hayakutoka kwa mwalimu wa lugha anayetetea kazi yake. Yalitoka kwa mtu wa hesabu. Sababu yake inaeleweka: asiyeweza kusema wazi anachokitaka, katika lugha anayoimiliki, hataweza kukisema wazi katika lugha yoyote nyingine.

Hata hivyo, tusiuvute mlinganisho huu kupita kiasi. Msomaji wa riwaya anajaza mapengo kwa akili yake. Kompyuta haijazi chochote. Mwandishi wa programu ana wasomaji wawili wasiofanana, mmoja mwerevu asiye na subira, mwingine mvumilivu asiye na akili, na andiko moja lazima liwatosheleze wote wawili.

4. Anayepanga na anayeandika

Swali la pili linahusu mpango. Wengi huamini kwamba kazi inaweza kugawanywa hivi: mkubwa anachora mpango, wadogo wanautekeleza. Knuth alianza na TeX kwa njia hiyo. Mwaka 1977 aliandika maelezo ya kile alichokitaka, akasafiri, akawaachia wanafunzi wake wawili wakijenge kipindi cha likizo. Waliweza kutengeneza sehemu ndogo tu. Alipokaa yeye mwenyewe kuandika, aligundua sababu. Kila baada ya dakika chache lilizuka swali ambalo mpango haukulijibu, na ambalo ni mwenye mpango tu aliyeweza kuliamua.

Baadaye alitoa funzo lililo wazi: anayebuni mfumo wa aina mpya anapaswa kushiriki kikamilifu katika kuuandika, kuwa mtumiaji wake wa kwanza, na kuandika mwenyewe kitabu cha kwanza cha maelekezo kwa watumiaji. Hilo la mwisho linatuhusu sana. Mara nyingi maelekezo huandikwa mwishoni, na mtu ambaye hakushiriki kazini. Knuth aliona kwamba kuandika maelekezo ni kipimo cha mpango wenyewe. Ukifika mahali ambapo huwezi kukieleza kipengele fulani bila kuzungukazunguka, hitilafu si ya maelezo. Kipengele chenyewe kimepangwa vibaya. Alirudi mara kwa mara kubadilisha programu kwa sababu ya sentensi iliyokataa kuandikika. Hatimaye aliiandika TeX yote upya, na toleo hilo likajulikana kwa mwaka wake, 1982.

Kila aliyewahi kuongoza kazi ya mwisho wa masomo anaijua hali hiyo. Mwanafunzi anasema, «Nimeshaelewa mada, imebaki kuandika tu.» Akianza kuandika sura ya pili, anagundua kwamba swali lake la utafiti lilikuwa maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Kalamu ndiyo iliyomfunulia.

Funzo la tatu la Knuth juu ya mpango linahusu kasi. Katika makala yake ya mwaka 1974 alionya dhidi ya tabia ya kuharakisha programu kabla ya wakati. Mwandishi anahangaika kuokoa sekunde mahali pasipo na maana, na kwa kufanya hivyo anaivuruga programu hata haisomeki tena. Alikadiria kwamba mara 97 kati ya 100 tunapaswa kuyasahau mambo hayo madogo ya kasi. Wanaomnukuu mara nyingi huishia hapo. Lakini yeye aliendelea: zile mara 3 zilizobaki ni muhimu kweli, na mwandishi mzuri hazipuuzi, kwanza anapima ili ajue ziko wapi, kisha anashughulika nazo.

5. Kisa cha mwaka 1986: kuhesabu maneno

Mafundisho ya bingwa yanaeleweka zaidi yakipata mpinzani. Mwaka 1986 Jon Bentley, aliyekuwa na safu katika jarida la Communications of the ACM, alimwomba Knuth aonyeshe njia yake ya uandishi kwa kutatua swali moja dogo. Swali lenyewe ni la watu wa lugha: pewa matini na namba k, toa orodha ya maneno k yanayotokea mara nyingi zaidi katika matini hiyo, pamoja na idadi ya kila moja.

Knuth aliandika programu yenye maelezo kamili, iliyojaza kurasa nyingi za jarida, ikiwa na muundo wa data wa kiufundi sana. Bentley alimwomba Doug McIlroy wa maabara ya Bell aihakiki, kama mhakiki anavyohakiki kitabu. McIlroy aliusifu ufundi wa Knuth. Halafu akaweka pembeni yake jibu lake mwenyewe: maagizo sita tu ya mfumo wa Unix, yaliyounganishwa kama bomba, kila moja likipokea matokeo ya lililotangulia. Kwa Kiswahili ni hivi:

1) Kila kisichokuwa herufi kigeuze kuwa mwanzo wa mstari mpya, ili kila neno likae peke yake.
2) Herufi kubwa zote zifanye ndogo.
3) Panga mistari kwa alfabeti, ili maneno yanayofanana yakae pamoja.
4) Mistari inayofanana ifanye mmoja, na andika idadi yake.
5) Panga upya kwa idadi, kuanzia kubwa kwenda ndogo.
6) Toa mistari k ya kwanza, kisha acha.

Tangu hapo kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kana kwamba ni mechi ambayo Knuth alishindwa. Simulizi hiyo haimtendei haki. Knuth aliombwa aonyeshe njia ya kuandika, hakuombwa atafute jibu fupi kuliko yote; na zile zana alizozitumia McIlroy zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa jasho. Lakini hoja ya McIlroy ina nguvu yake: kabla hujajenga kipya, tazama kilichokwisha kujengwa, na ujenge vipande vidogo vinavyofanya kazi moja moja vizuri, ili kesho vifae kwa swali jingine.

Tukiyaweka mafunzo haya mawili pamoja, hayagongani. Orodha ya hatua sita hapo juu inasomeka vizuri kwa sababu kila hatua ina sentensi yake moja. McIlroy naye alikuwa anamwandikia msomaji.

6. Neno ni nini?

Hapa ndipo kitivo cha lugha kinapopata neno la kusema. Mabingwa hao walijadiliana kwa kina juu ya kuhesabu, na kwa ufupi tu juu ya kinachohesabiwa. Katika maagizo ya McIlroy, neno ni mfululizo wa herufi kuanzia A hadi Z, na chochote kingine ni mpaka. Kwa matini ya Kiingereza kanuni hiyo inatosha kwa sehemu kubwa. Tuipeleke kwenye matini zetu.

Chukua neno «ng'ombe». Alama ya ritifaa si herufi kati ya A na Z, basi hatua ya kwanza inalikata neno vipande viwili: «ng» na «ombe». Vivyo hivyo «ng'oa» inakuwa «ng» na «oa», na mtafiti anaona kitenzi cha ndoa mahali ambapo mkulima alikuwa anang'oa muhogo. Baada ya kurasa mia mbili, «ng» itapanda juu katika orodha kama neno la kawaida la Kiswahili. Na kwa kuwa matini za mijini kwetu huchanganya Kiswahili na Kifaransa, neno «élève» litakatwa na kubaki «l» na «ve». Programu haijakosea hata kidogo. Imefanya hasa ilichoambiwa.

Hitilafu hiyo inaonekana kwa macho, na kuirekebisha ni rahisi: ongeza ritifaa na herufi zenye alama katika orodha ya herufi zinazokubalika. Iliyo ngumu ni ya pili. Angalia matini hii fupi:

Mtoto anasoma. Watoto wanasoma. Tulikuwa tukisoma. Hawajasoma.

Programu yoyote inayotenganisha maneno kwa nafasi itajibu: maneno saba, yote tofauti, kila moja limetokea mara moja. Mtu anayejua Kiswahili atajibu kwamba hapa mzizi -som- umetokea mara nne, -toto mara mbili, na kitenzi «kuwa» mara moja. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini yanajibu maswali tofauti. Ikiwa kazi ya mwanafunzi inalinganisha utajiri wa msamiati wa mwandishi wa Kiswahili na wa mwandishi wa Kifaransa, na akatumia jibu la kwanza kwa lugha zote mbili, Kiswahili kitaonekana kuwa na maneno mapya mengi ajabu, kwa sababu tu viambishi vyake vya nafsi, wakati na ukanushi huandikwa pamoja na mzizi. Hitimisho la kazi hiyo litakuwa limejengwa juu ya mchanga, na jopo la watahini lisilofungua programu halitajua.

Wala haitoshi kusema «basi kata viambishi». «Wa-» ya «wanasoma» ni kiambishi. «Wa-» ya «wali» wa kula si kiambishi cha watu. «Ki-» ya «tukisoma» ni ya wakati au hali. «Ki-» ya «anakisoma» ni ya kitu kinachosomwa, yaani kitabu. Kanuni zinazotofautisha hali hizo ziko kwenye mofolojia, somo linalofundishwa hapa kitivoni, na mwandishi wa programu asiyelijua hana pa kuzipata. Uamuzi wa neno ni nini ni sehemu ya kwanza ya mpango wa programu. Ukiuacha kimya, mashine itauamua kwa niaba yako, kwa mazoea ya lugha nyingine.

7. Programu inapojibu kwa Kiswahili

Mfano mwingine unahusu ujumbe ambao programu humpa mtumiaji. Tuseme programu ya maktaba inataka kutangaza kilichoongezwa. Mwandishi wake, akifikiri kwa Kiingereza, anaunganisha vipande vitatu: namba, jina la kitu, na kitenzi kisichobadilika. Mwenzetu anayefikiri kwa Kifaransa anashtuka mapema, maana anajua kwamba «livres» ni «ajoutés» na «lettres» ni «ajoutées»; jinsia mbili zinatosha kuivunja hesabu hiyo. Kwa Kiswahili mambo yanazidi:

Kitabu kimoja kimeongezwa. Vitabu vitatu vimeongezwa.
Barua moja imeongezwa. Barua tatu zimeongezwa.
Jina moja limeongezwa. Majina matatu yameongezwa.
Mwanafunzi mmoja ameongezwa. Wanafunzi watatu wameongezwa.

Kitenzi kinafuata ngeli. Namba nazo zinafuata ngeli, lakini si zote: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na nomino, sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Programu iliyopangwa kwa kuunganisha vipande haiwezi kutafsiriwa kwa Kiswahili sahihi, hata mfasiri awe hodari kiasi gani, kwa sababu mpango wenyewe haukumwachia nafasi. Matokeo tunayasoma kwenye skrini za simu: «3 mwanafunzi imeongezwa».

Vipo vyombo vya kusaidia. Kimoja, gettext, kinachotumika sana katika programu huria, kinamruhusu mfasiri kuandika sentensi nzima ya umoja na nyingine ya wingi. Kwa Kiarabu kinakubali maumbo sita. Ni hatua nzuri, lakini kinajua idadi tu, hakijui ngeli. Dawa iliyo rahisi ni ya kimpango: usiunganishe vipande vya sentensi. Kwa kila aina ya kitu, mpe mfasiri sentensi kamili, na namba iandikwe kwa tarakimu. Inaongeza mistari michache na kuondoa makosa yote tuliyoyataja.

Kazi ya aina hii si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo inahitaji mafundi wa kompyuta na watu wa istilahi wakae meza moja, tangu mwanzo.

8. Daftari la makosa

Funzo la mwisho la Knuth linahusu tabia ya mwandishi mbele ya makosa yake. Tangu mwaka 1978 aliweka daftari la kila badiliko alilolifanya katika TeX. Mwaka 1989 alilichapisha: zaidi ya makosa 850, ameyagawa katika makundi 15. Kuna makosa ya kupiga herufi tu. Kuna ya kusahau jambo aliloazimia kulifanya. Kuna yaliyotokana na lugha ya programu yenyewe kupotosha. Na kuna hali ambazo hakuzitarajia. Mengine si makosa kabisa bali maboresho ambayo watumiaji waliyaomba.

Wanafunzi wa ufundishaji wa lugha watautambua mwelekeo huo. Mwaka 1967 S. Pit Corder alieleza kwamba makosa ya mjifunzaji si takataka za kufagiliwa. Yanaonyesha sarufi anayoijenga kichwani. Knuth aliutendea msimbo wake vivyo hivyo. Kosa lililosahihishwa bila kuandikwa litarudi kwa sura nyingine. Lililoandikwa na kupewa kundi lake linamfundisha mwandishi mahali alipo dhaifu.

Kwa yeyote anayegundua kosa katika vitabu vyake, aliahidi zawadi ya dola 2.56, na wengi walioipata hundi hiyo waliitundika ukutani badala ya kwenda nayo benki. Kuhusu TeX, hataki tena kuongeza mambo mapya. Anasahihisha hitilafu tu, kwa nadra, na kila mara namba ya toleo inapata tarakimu moja zaidi ya pai: 3.14, 3.141, na kuendelea. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Ameagiza kwamba akifariki, namba iwe pai yenyewe, na isiguswe tena. Programu nyingi hufa kwa sababu hazijui zimekamilika lini. Hii mwandishi wake aliitaka ikamilike, kama kitabu.

9. Hitimisho

Tulianza na maswali matatu. Kuhusu la kwanza, programu inaandikiwa binadamu, na mashine inapata sehemu yake. Kuhusu la pili, mpango mzuri hautoki kwenye mchoro wa mkubwa asiyeandika. Unatoka kwa anayeandika, anayetumia na anayeeleza, akikubali kurudi nyuma pale sentensi inapokataa. Kuhusu la tatu, tumeona kwamba Kiswahili hakikubali kuvishwa mpango ulioshonwa kwa kipimo cha lugha nyingine, na kwamba kasoro hizo hazionekani kwa fundi asiyejua mofolojia.

Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha asingoje aalikwe. Akitumia programu ya kuhesabu maneno katika kazi yake, aseme kwenye sura ya mbinu jinsi programu hiyo inavyolitambua neno. Akipewa ujumbe wa kutafsiri uliokatwakatwa vipande, aurudishe kwa mwandishi wake pamoja na sababu. Hayo mawili yamo ndani ya uwezo wa kila mmoja wetu, na yanaanzia kwenye masomo tuliyo nayo tayari.

Mazoezi

1) Chukua ukurasa mmoja wa matini ya Kiswahili iliyoandikwa mjini kwenu. Fuata kwa mkono hatua sita za McIlroy. Ni maneno gani yaliyokatwa vibaya, na kwa nini?

2) Andika kanuni, kwa sentensi zisizozidi kumi, zitakazomwezesha mtu asiyejua Kiswahili kupata mzizi wa vitenzi «hatutawasomea», «aliyekisoma» na «someni». Mpe mwenzako azifuate bila kukuuliza swali. Andika kila mahali alipokwama, na upange vikwazo hivyo kwa makundi.

3) Programu ya sekretarieti ya kitivo inataka kutangaza: wanafunzi walioandikishwa, kazi zilizopokelewa, na vyeti vilivyotolewa. Andika sentensi zote zinazohitajika, kwa umoja na kwa wingi. Kisha eleza kwa nini kiolezo kimoja hakitoshi.